Ruzuku za Hifadhi ya Ardhi: Mafunzo Kutoka Kondoa na Shinyanga

UTANGULIZI

Mtu aliyepita katika vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliona nchi iliyochanikachanika. Makorongo yenye kuta za wima yalikuwa yamekata mashamba na njia, na kila mvua iliponyesha mito ya mchanga ilipanuka na kufunika ardhi nzuri ya bondeni. Ili kuikabili hali hiyo, Serikali ya Tanzania ilianzisha mwaka 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO, kwa msaada wa fedha kutoka Sweden. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi mwingine, Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ambao baadaye ulipata msaada kutoka Norway.

Miradi hiyo miwili hutajwa mara nyingi katika masomo ya jiografia na kilimo. Wanafunzi hufundishwa habari za makinga maji, upandaji wa miti na udhibiti wa mifugo. Lakini kuna upande mwingine wa kazi hiyo ambao hausemwi sana, nao ni usimamizi wa fedha na mipango. Kila mche uliopandwa ulianza kama tarakimu katika makadirio ya fedha, na kila kinga maji lililochimbwa lilihitaji hati ya malipo. Jambo la kuzingatia ni kwamba fedha ya msaada ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, hali ardhi haina tarehe ya namna hiyo. Kazi kubwa ya msimamizi wa ruzuku ni kuhakikisha kwamba siku fedha inapokwisha, hifadhi iwe imekwisha kupata mwenyewe.

MAANA YA RUZUKU

Ruzuku ni fedha inayotolewa kwa kazi maalumu bila ya sharti la kurudishwa. Katika jambo hili ruzuku hutofautiana na mkopo. Hata hivyo, haifai kudhaniwa kuwa fedha isiyodaiwa chochote. Anayepokea ruzuku hudaiwa kazi aliyoahidi, na hudaiwa pia ushahidi kwamba kazi hiyo imefanyika.

Mpokeaji anaweza kuwa idara ya maliasili ya halmashauri ya wilaya, kamati ya maliasili ya kijiji, au chama cha wananchi wanaotunza chanzo cha maji. Mfadhili anaweza kuwa Serikali yenyewe, nchi rafiki, shirika la kimataifa au mfuko maalumu. Wawili hao huunganishwa na andiko la mradi, ambalo hueleza tatizo lililopo, lengo linalokusudiwa, kazi zitakazofanywa, muda wake, gharama zake, na namna matokeo yatakavyopimwa. Andiko likikubaliwa, hutiwa sahihi hati ya makubaliano, na kwa kawaida fedha hutolewa kwa awamu. Awamu ya pili haitoki mpaka taarifa ya awamu ya kwanza ipokelewe na kuridhiwa.

KUPIMA KABLA YA KUOMBA

Andiko zuri huanza kwa vipimo. Kusema kwamba mmomonyoko ni mkubwa hakumsaidii mfadhili kuamua, wala hakumwezeshi msimamizi kujua baadaye kama kazi yake imefaa.

Mkoa wa Dodoma ulipata bahati katika jambo hili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, kuchunguza mmomonyoko katika sehemu mbalimbali za Tanzania. Miongoni mwa mahali walipopima ni mabwawa yaliyo karibu na mji wa Dodoma, kama vile Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Njia yao ilikuwa rahisi kueleweka. Bwawa hupokea udongo unaoletwa na maji kutoka katika eneo lote linalolizunguka. Kina cha bwawa kikipimwa, kisha kikapimwa tena baada ya miaka kadhaa, tofauti ya vipimo hivyo huonyesha kiasi cha tope kilichoingia, na kutokana na tope hilo huweza kukadiriwa kiasi cha udongo kilichoondoka mashambani na malishoni.

Hesabu ndogo itaonyesha uzito wa jambo hili. Hekta moja ina mita za mraba 10,000. Tabaka la udongo lenye unene wa milimita moja tu likiondolewa katika hekta hiyo, ujazo wake ni mita za ujazo 10. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu yaweza kuwa na uzito wa tani 1.3 hivi, kwa hiyo hekta hiyo imepoteza karibu tani 13. Gari la kubebea tani saba lingehitaji kwenda takriban mara mbili ili kuurudisha udongo huo. Unene wa milimita moja hauonekani kwa macho, na mkulima anaweza kuupoteza mwaka hadi mwaka bila ya kutambua. Lakini maumbile huweza kuchukua miaka mia moja au zaidi kuunda udongo wa unene wa sentimita moja.

Vipimo vya mwanzo vina kazi ya pili. Bila ya hivyo, hakuna awezaye kuthibitisha mwishoni kwamba hali imebadilika. Yafaa pia njia ya kupima ya mwanzo itumike hiyo hiyo mwishoni. Mtu aliyehesabu vijiji vichache mwaka wa kwanza, akahesabu vijiji vyote mwaka wa kumi, hawezi kujua ni kiasi gani cha ongezeko kimetokana na kazi, na ni kiasi gani kimetokana na kuhesabu zaidi.

KALENDA MBILI

Tatizo linalosumbua ofisi nyingi za hifadhi ni kwamba kazi yao hufuata kalenda mbili zisizolingana. Kalenda ya kwanza ni ya fedha. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Kalenda ya pili ni ya mvua. Katika mikoa ya Dodoma na Shinyanga mvua kwa kawaida huanza mwezi wa Novemba au Desemba na kwisha mwezi wa Aprili au Mei.

Tuchukue mfano wa kitalu cha miti. Ili mche uwe na nguvu za kutosha kuhimili jua la kiangazi kinachofuata, lazima upandwe mapema mvua zinapoanza. Aina nyingi za miche huhitaji miezi minne hadi sita kitaluni. Kwa hiyo mbegu zapasa kuoteshwa mwezi wa Julai au mapema zaidi, na viriba, mbolea na mbegu vyapasa kuwa bohari kabla ya hapo. Lakini huo ndio wakati ambao hesabu za mwaka uliokwisha zinafungwa na fedha za mwaka mpya bado hazijafika. Fedha ikichelewa mpaka Oktoba, miche itakuwa midogo mvua zinapoanza. Ofisi hubaki na njia mbili: kupanda miche dhaifu ambayo mingi itakufa, au kungoja mwaka mzima. Kuchelewa kwa miezi mitatu kwenye karatasi huwa kuchelewa kwa miezi kumi na miwili shambani.

Msimamizi mwenye busara huanza kupanga kutoka mwisho. Huweka kwanza tarehe ya kupanda, kisha hurudi nyuma: tarehe ya kuotesha, tarehe ya kupokea vifaa, tarehe ya kuagiza, na hatimaye tarehe ambayo fedha lazima iwe benki. Akiona kwamba tarehe hiyo haitawezekana, hulisema jambo hilo katika andiko lenyewe na kuomba fedha za vifaa vya kitalu zitolewe mapema katika mwaka wa fedha unaotangulia. Mpango kazi wa namna hiyo huokoa miche mingi kuliko hotuba nyingi za kuhimiza upandaji wa miti.

DAFTARI NA BOHARI

Fedha ikishapokelewa, kila matumizi lazima yaache alama. Ununuzi huanza kwa ombi la maandishi, hufuatiwa na kulinganisha bei za wauzaji, kisha hati ya malipo na stakabadhi. Vifaa vikifika, mtunza bohari huviandika katika leja: vilivyoingia, vilivyotoka, aliyevichukua na vilivyobaki. Mtu anayeidhinisha malipo hapaswi kuwa yeye yule anayepokea vifaa, wala yule anayeandika hesabu. Kugawanya kazi hizo si kumshuku mtu. Ni kinga kwa mwaminifu, ambaye siku ya ukaguzi atakuwa na shahidi wa pili.

Aidha, kila fungu la fedha lina kazi yake. Fedha ya viriba haiwezi kulipia matengenezo ya gari kwa sababu tu gari limeharibika. Mambo yakibadilika, kama kwa ukame au kupanda kwa bei, mpokeaji humwandikia mfadhili na kuomba idhini ya kuhamisha fedha kabla ya kuitumia. Wafadhili wengi huyakubali maombi ya namna hiyo yakiwa na sababu. Wasilolikubali ni kuikuta fedha imekwisha kuhamishwa.

KUHESABU KILICHOSALIA

Kosa moja katika taarifa za hifadhi ya ardhi ni kuhesabu kilichofanywa badala ya kuhesabu kilichosalia. Taarifa husema miche kadhaa imepandwa, na idadi hiyo hufurahisha. Lakini mche uliokufa hauzuii mmomonyoko.

Tufikirie mfano wa kubuni. Kijiji A kimepewa shilingi 10,000,000, nacho kimepanda miche 20,000. Gharama ya kila mche uliopandwa ni shilingi 500. Baada ya viangazi viwili, miche 8,000 iko hai, yaani asilimia 40. Gharama ya kila mti ulio hai ni shilingi 1,250. Kijiji B kimepata fedha kama hiyo, lakini kimepanda miche 12,000 tu, na fedha iliyosalia kimeitumia kwa palizi na kwa ulinzi dhidi ya mbuzi. Miche 9,600 imesalimika, yaani asilimia 80, na kila mti ulio hai umegharimu shilingi 1,042 hivi. Katika taarifa ya mwaka wa kwanza Kijiji A kitasifiwa. Baada ya viangazi viwili Kijiji B ndicho chenye miti mingi zaidi.

Si lazima kuhesabu miche yote. Ikichaguliwa miche 200 kwa njia ya bahati nasibu kutoka sehemu zote za shamba, na 80 ikakutwa hai, makadirio ni asilimia 40. Kanuni za takwimu zinaonyesha kwamba kwa sampuli ya ukubwa huo hesabu ya kweli, kwa uhakika wa asilimia 95, iko kati ya asilimia 33 na 47 hivi. Sampuli iliyochaguliwa kando ya barabara tu, ambako miche hutunzwa vizuri kwa kuwa wageni hupita hapo, haina thamani hiyo hata ikiwa ya miche elfu moja.

KONDOA: GHARAMA ISIYOANDIKWA

Katika miaka ya kwanza, mradi wa HADO ulichimba makinga maji, ulizuia makorongo na kupanda miti. Lakini mifugo iliendelea kulisha katika eneo hilo hilo, na ardhi haikupata nafasi ya kupumzika. Mwaka 1979 ilichukuliwa hatua kubwa: mifugo yote, zaidi ya 80,000 kwa hesabu, iliondolewa katika eneo lililoharibika sana la Kondoa, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256.

Matokeo kwa ardhi yalionekana upesi. Nyasi zilirudi, vichaka vikaota, na mtiririko wa maji ya mvua juu ya ardhi ukapungua. Kwa kipimo cha uoto peke yake, fedha ilikuwa imefanya kazi.

Hata hivyo, kulikuwa na gharama ambazo hazikuwamo katika makadirio ya mradi. Familia zilizokuwa na ng'ombe zilipoteza maziwa ya watoto, samadi ya mashamba, nguvu za maksai na akiba ya siku ya shida. Waliokuwa na ndugu au rafiki nje ya eneo walimpelekea ng'ombe wao, na hivyo sehemu ya mzigo wa malisho ilihamia katika ardhi ya jirani. Gharama hizo zililipwa na watu, wala si na mfadhili, kwa hiyo hazikuonekana katika daftari lolote la mradi.

Ilipofika mwaka 1989 mradi ulianza kuruhusu ufugaji wa ndani, ambapo ng'ombe hufungwa zizini na kukatiwa majani. Kwa njia hiyo maziwa na samadi vilianza kurudi nyumbani bila ya kwato kurudi vilimani. Msaada wa Sweden kwa HADO ulikoma katikati ya miaka ya 1990. Swali lililobaki wakati huo ndilo swali la kila ruzuku: nani atailinda nyasi sasa, na kwa faida gani?

SHINYANGA: HIFADHI YENYE WENYEWE

Historia ya Shinyanga ni tofauti. Tangu miaka ya 1920 misitu mikubwa ilifyekwa huko ili kuangamiza mbung'o. Kilimo cha pamba, kuongezeka kwa mifugo na ukataji wa kuni viliendeleza uharibifu huo. Wakati wa kuhamia vijijini katikati ya miaka ya 1970, familia nyingi ziliacha maeneo yao ya zamani, na pamoja nayo ziliacha utunzaji wa ngitili.

Ngitili ni desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, ili nyasi na miti vipate kuota, kisha kuifungua wakati wa kiangazi kikali ambapo malisho mengine yamekwisha. Ni akiba ya majani iliyohifadhiwa ardhini yenyewe. Mwanzoni HASHI ilitilia mkazo vitalu na upandaji wa miti. Baadaye wataalamu walitambua kwamba chini ya ardhi iliyoonekana tupu bado kulikuwa na visiki na mizizi hai, na kwamba eneo likifungwa miti huchipua bila ya kiriba wala gari la maji. Kazi ya mradi ikawa kufufua ngitili, za familia na za vijiji. Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto, ICRAF, chenye makao yake makuu Nairobi, kilishiriki katika utafiti. Ulinzi ulifanywa na wananchi wenyewe kwa kutumia sheria ndogo za vijiji, pamoja na dagashida, baraza la kimila la Wasukuma, na walinzi wa sungusungu.

Mwaka 1986 ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa na ukubwa wa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalizidi hekta 300,000. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta, inayotolewa chini ya Umoja wa Mataifa. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba faida ya ngitili, yaani kuni, majani, dawa, asali, miti ya kujengea na kadhalika, ilifikia dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikadiriwa kuwa dola 8.50 kwa mwezi.

Mradi wa HASHI ulifungwa mwaka 2004. Ngitili hazikufungwa pamoja nao, kwa kuwa mwenye ngitili hakuwa akilipwa mshahara na mradi. Hii haina maana kwamba hatari imekwisha. Ardhi ikiwa na thamani, huzuka ugomvi juu ya mipaka yake, na penye mgawanyo usio wa haki maskini hukosa fungu lake.

FEDHA ISIYOKWISHA UPESI

Uzoefu huo umezifanya nchi nyingi zitafute njia ya kupata fedha ndogo ya muda mrefu badala ya fedha nyingi ya muda mfupi. Njia mojawapo ni mfuko wa akiba: mtaji huwekezwa, na faida yake pekee ndiyo hutolewa ruzuku kila mwaka. Mfuko wa kuhifadhi Milima ya Tao la Mashariki, wenye ofisi yake kuu Morogoro, ulianzishwa mwaka 2001 kwa fikra hiyo. Sheria ya Misitu iliyotungwa mwaka 2002 nayo iliweka msingi wa Mfuko wa Misitu Tanzania, na iliviruhusu vijiji kuwa na misitu yake ya hifadhi na kupata mapato kutokana nayo.

Njia ya pili ni kuandika mwisho wa mradi tangu mwanzo. Andiko la mradi lapasa kujibu maswali matatu: ni kazi gani itaendelea baada ya ruzuku, ni nani atakayeifanya, na fedha au faida yake itatoka wapi. Kamati ya kijiji inayojua kwamba mlinzi wa msitu analipwa na mradi mpaka mwaka wa tatu, lapasa ijue pia nani atamlipa mwaka wa nne.

HITIMISHO

Kondoa ilionyesha kwamba ardhi huweza kupona ikipumzishwa, na kwamba gharama ya mapumziko hayo lazima ihesabiwe pamoja na ya watu. Shinyanga ilionyesha kwamba fedha ndogo, ikiongezwa juu ya jambo ambalo watu wanalijua na wanalimiliki, huenda mbali kuliko fedha nyingi inayoanza jambo geni. Mafunzo hayo yote yanarudi katika karatasi za msimamizi: kipimo cha mwanzo, kalenda, daftari, hesabu ya vilivyosalia, na jina la atakayeendelea.

KAZI KWA WANAFUNZI

1. Chagueni miche iliyopandwa na shule au kijiji chenu mwaka uliopita. Teueni sampuli kwa bahati nasibu, mhesabu iliyo hai, kisha mkadirie asilimia yake.

2. Simikeni kijiti mahali penye mteremko, mkiweka alama usawa wa ardhi. Pimeni tena baada ya msimu wa mvua. Kama udongo umepungua kwa milimita mbili, ni tani ngapi zimeondoka kwa hekta?

3. Andikeni mpango wa kitalu cha miche 500, mkianza na tarehe ya kupanda na kurudi nyuma hadi tarehe ya kupata fedha. Elezeni nani atamwagilia miche hiyo wakati wa likizo.